Aliyefunga Parachuti

Mwanangu Salha,

Umetoka na shangazi yako Maryamu kwenda kutafuta kufuli la sanduku, na mama yako yuko jikoni anakukaangia vitu ambavyo huenda watu wa uwanja wa ndege wakakunyang'anya. Mimi nimekaa kwenye meza ya kulia ya shangazi yako, ghorofa ya tatu hapa Sharafiya, Jeddah, na kalamu ya kuazima. Tangu niandike jina lako hapo juu nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama pasi yako kama bado imo mkobani. Imo. Mara ya pili nilikwenda kufunga dirisha kwa kelele za maduka ya simu huko chini, na mara ya tatu nikaenda kulifungua tena kwa joto.

Mambo ya kula, kulala, kuvaa na watu wa kukaa nao mama yako keshakwambia, na kesho njiani atayarudia yote. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, nimekaa nalo karibu miaka miwili, na kesho wakati kama huu utakuwa angani unakwenda Malaysia. Nikilikosa leo sijui nitalisema lini.

Ni lile la jangwani, siku roketi yako ilipoanguka.

Lakini nianze nyuma kidogo, maana hujui mimi nilivyoyaona mambo. Tulipohama Jeddah kwenda Riyadh ulikuwa na miaka kumi na moja. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, kila ukigeuka ni kreni za ujenzi, minara inakua kama mtu anaivuta kwa kamba, na kila mnara unataka kupozwa. Mafundi viyoyozi kama mimi tulikuwa hatupumziki. Bosi wangu Abu Nasir, aliyekuwa ndiye kafili wangu, mdhamini wa karatasi zangu za ukaazi, alikuwa na kampuni ya matengenezo katika ile kambi ya makazi ya wageni, na kwa fadhila yake wewe ukapata nafasi katika shule iliyokuwa mle ndani. Huko ndiko ulikokutana na Mwalimu Nyambura.

Siku ya kwanza uliporudi na roketi yako ya karatasi, ile ndogo iliyotoshea kwenye begi, nilidhani ni fataki. Nilikwenda shuleni nimekasirika. Mwalimu Nyambura alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Baba Salha, hii si fataki. Hakuna mtoto anachanganya baruti hapa. Injini tunanunua ikiwa imeshatengenezwa kiwandani, na tunawasha kwa waya tukiwa mbali. Kuja Ijumaa uone."

Nikaja. Nikawaona watoto kumi na wawili nyuma ya kamba, kila mmoja na karatasi yake ya hatua, wanahesabu kurudi nyuma. Yako ilipanda ikapotea machoni, halafu ikatoka parachuti nyekundu kubwa kama leso. Ukakimbia kuifuata. Mwalimu akaniambia, "Huyu msichana ako na mkono. Na ako na subira, hiyo ndiyo kitu adimu."

Miaka minne ukarusha hizo ndogo. Zikawa hazikutoshi. Ukataka zile kubwa, zenye injini ya nguvu, ambazo hazirushwi shuleni bali nje ya mji, kwa idhini ya serikali. Ukanieleza kanuni za chama cha warusha roketi mara nyingi hata nikazichukia: kwamba mtoto wa umri wako anaweza kuijenga roketi kubwa mwenyewe na kuirusha, anaweza hata kufanya mtihani wa vijana na kupata cheti, ila lazima asimame chini ya mtu mzima mwenye leseni. Injini ashike mtu mzima. Aitie mtu mzima. Kitu kikiharibika, aulizwe mtu mzima.

Kumbuka hilo la mwisho. Nitalirudia.

Leseni alikuwa nayo Mwalimu Nyambura. Mkataba wake ukaisha, wakampa hati ya kuondoka moja kwa moja, halas, akarudi kwao. Ulilia siku mbili. Siku ya tatu ukaja na kitabu cha maswali ukakiweka mbele ya sahani yangu.

"Baba, leseni utachukua wewe."

Nikacheka. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya kompresa. Nikasema hapana. Nikasema hapana kwa wiki tatu, na wewe kila siku unakiacha kitabu pale pale, hukisogezi. Mwishowe nikakifungua ili nikuoneshe kuwa siwezi.

Sijapata kukwambia kwamba miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote niliyokaa Riyadh. Narudi kazini nimechoka, wewe umekaa na kalamu unaniuliza: upepo ukizidi kiasi gani haturushi? Ukibonyeza na injini isiwake, unangoja muda gani kabla ya kuisogelea? Nikikosea unanyamaza tu unasubiri nifikirie tena. Mwalimu wako alikufundisha vizuri namna ya kufundisha. Nilipofaulu, mkubwa wa chama, Mhandisi Saleem, yule mzee wa Kipakistani mwenye ndevu za hina, alinisimamia nikarusha roketi ya majaribio. Ikapanda, parachuti ikafunguka, nikaiokota nzima, akatia saini. Nilifurahi kama mtoto. Mama yako anayo ile picha.

Nimeinuka tena. Nilidhani nimesikia lifti. Si nyinyi.

Basi ikaja zamu yako. Roketi uliyoijenga kwa miezi mitano, ukiisimamisha ilikufika begani. Uliisugua kwa msasa kibarazani mpaka jirani akalalamika vumbi. Ilitakiwa kitu kimoja tu ili upate cheti chako: iende juu, ifungue parachuti, irudi katika hali ya kuweza kurushwa tena.

Idhini ya kwenda jangwani safari ile aliisaidia Abu Nasir, kwa kuwa alikuwa na mtu wake ofisini. Na kwa kuwa aliisaidia, akaja kutazama. Akaja na wageni watatu, dereva, mazulia na chupa za kahawa. Gari yake mpya ile nyeupe akaipeleka mpaka ndani ya kamba, mahali ambapo hapatakiwi gari wala mtu.

Mhandisi Saleem aliniita. "Hamudi, wewe unasema Kiarabu vizuri na ni bosi wako. Nenda kamwombe asogeze gari nyuma."

Nikaenda. Nikasalimia. Wakanimiminia kahawa, nikainywa. Abu Nasir akawaambia wageni wake, huyu ni fundi wangu, na binti yake anarusha roketi, mmeona? Wakacheka kwa furaha. Nikainywa ya pili. Salha, sikumwambia asogeze gari. Maneno yalikuwepo mdomoni, mepesi, ya adabu, na sikuyasema. Niliporudi Mhandisi aliniuliza kwa kichwa tu, nikajibu kwa kichwa kwamba atasogeza, akaniamini akarudi kwenye kazi zake.

Wewe hukulijua hilo. La pili unalijua.

Ulikuwa umeshaifunga parachuti na kuiweka mahali pake. Ukaniachia roketi nitie injini, kama kanuni inavyosema, ukaenda mezani kuandikisha kadi yako. Nikatia injini. Abu Nasir akapaza sauti kutoka zuliani, "Yalla, ya Hamud, jua linapanda." Nikaijaribu ile pua ya roketi nikaona imebana. Nikaingia wasiwasi kwamba itang'ang'ania, haitatoka juu, na mbele ya wageni. Nikaifungua. Nikatoa kila ulichokipanga. Nikaikunja parachuti upya kwa mikono yangu ya haraka nikairudisha, ikaingia laini, nikafunga.

Halafu nikaona kile kitambaa cha kuzuia moto kiko juu ya meza.

Ulinifundisha mwenyewe kazi yake. Kule juu injini inalipua baruti kidogo ili kuisukuma parachuti nje, na bila kitambaa kile moto unaifikia. Nilijua. Nilikitazama nikajua. Ningefungua tena ingekuwa dakika tano. Abu Nasir alikuwa anatazama saa yake. Nikakitia kitambaa mfukoni nikajiambia hakuna neno, moto wenyewe ni mdogo.

Ukarudi na karatasi yako ya hatua. "Baba, umegusa kitu?"

"Nimetia injini."

"Huku juu?"

"Nimetia injini, Salha. Yalla, watu wanangoja."

Uliiweka alama hatua ya mwisho kwa sababu baba yako amekwambia.

Ilipanda sawasawa. Sijapata kuona kitu kimenyooka vile. Kisha ukaja ule moshi mdogo wa juu, na badala ya parachuti kutanuka ikatoka kitu kama tambara linaungua. Roketi ikageuka kichwa chini. Mhandisi Saleem akapiga kelele watu watazame juu wakimbie. Ikashuka kwa mluzi ule ambao bado naamka nao, ikaingia kwenye boneti ya ile gari nyeupe. Dereva alikuwa ametoka kulifungua buti kuchukua sukari. Alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alikaa chini mchangani pale pale alipokuwa, akabaki ameshika bakuli la sukari.

Hakuna aliyeumia. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya maneno hayo: hakuna aliyeumia.

Abu Nasir alikuja polepole. Hakunitazama, alimtazama Mhandisi. "Nani aliyefunga parachuti?"

Mhandisi akanigeukia mimi, maana ndiye mwenye leseni. Na hapo, mwanangu, katika muda wa kuvuta pumzi moja nikaona mambo mengi. Nikaona ikama yangu, karatasi yangu ya ukaazi, iko kwenye droo ya mtu huyu. Nikaona shule yako, nyumba, dawa za bibi yako. Nikamwona na baba yangu.

Hujapata kumjua babu yako. Alitoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nimebebwa, tukakaa huku Jeddah, Al-Mahjar, katika vyumba viwili. Alilinda ghala la nguo. Siku moja nikiwa mdogo nilimpelekea chakula nikakuta tajiri wake anamfokea kwa mzigo ulioloa maji, na mimi nilijua, kwa kuwa yeye mwenyewe alitusimulia jana yake, kwamba mtoto wa tajiri ndiye aliyeacha mlango wazi. Babu yako alisema "naam." Akasema "naam, kosa langu." Njiani nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Huyu ameshika karatasi yangu. Sema naam, yapite." Nimeishi na hayo umri wangu wote, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Nikamwambia Abu Nasir, "Binti ndiye aliyefunga. Bado anajifunza."

Ulikuwa karibu yangu. Hukushtuka. Ulinitazama, si kwa hasira, ulinitazama kama mtu anayesoma swali mara ya pili kuhakikisha amelielewa. Kisha ukamwambia Abu Nasir kwa Kiarabu chako kizuri, "Ndiyo, ammi. Ni mimi. Samahani."

Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Tulirudi mjini kwenye pikapu, masaa mawili, na ulichoniomba ni kushusha tu kile kibao cha kuzuia jua. Chama kikaandika kwamba ajali imetokana na uzembe wa mrushaji kijana, kikasimamisha urushaji wote wa vijana msimu mzima. Watoto wengine wanne nao wakakosa mitihani yao kwa ajili yako, na wewe ulikutana nao shuleni kila siku. Vifaa vyako ukavitia kwenye boksi la kiyoyozi, ukaliziba kwa gundi ya karatasi, ukalisukuma chini ya kitanda. Mama yako aliniuliza mtoto ana nini. Nikamwambia amevunjika moyo, atazoea.

Sasa nakwambia usiyoyajua.

Miezi saba nilijaribu kuzoea mimi. Nikawa mtu wa kugombana na mafundi wenzangu kwa mambo ya skrubu. Nikipanda juu ya paa za majengo kutengeneza mashine siwezi kutazama juu. Mwishowe nikaenda nyumbani kwa Mhandisi Saleem. Nikamwambia yote: gari, kahawa, kitambaa. Hakushangaa. Akasema, "Nilitazama mabaki, kitambaa hakikuwemo. Mtoto anayeandika kila hatua kwa wino hasahau kitambaa. Nilikuwa nakungoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Alikubali mwenyewe mbele ya watu, na mzazi wake ndiye aliyemtaja. Ningesema nini?" Akaniambia chama kitafuta maandishi yale, na leseni yangu itachukuliwa. Nikakubali. Kisha akauliza, "Na Abu Nasir?"

Kwa Abu Nasir nilikwenda wiki iliyofuata. Nilikataa kahawa, kwa kuwa nilijua nikiipokea nitanyamaza. Nilimweleza nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupandisha sauti, akauliza kitu kimoja: "Siku ile dereva wangu angekufa, bado ungesema ni binti yako?" Niliaga nikatoka. Jibu lake nalitafuta mpaka leo, na hilo ndilo linaloniinua kitini. Mwezi uliofuata akaniita akasema ikama ikiisha hataihuisha, nitafute kafili mwingine, amenipa miezi mitatu.

Kwa hiyo hatukurudi Jeddah kwa ajili ya magoti ya bibi yako. Bibi alikuwa na magoti mabaya miaka yote. Tulirudi kwa sababu kafili niliyempata yuko huku, na ndiyo sababu baba yako, aliyekuwa msimamizi wa mafundi, sasa anazunguka kwenye majumba ya Al-Rawdah akisafisha vichujio na kumwita kila mama wa nyumba madam. Usiibebe hii. Nakujua, utataka kuibeba. Ni matokeo ya mkono wangu, na nikikwambia kweli, nalala vizuri kuliko nilipokuwa msimamizi.

Katika ile miezi mitatu ya mwisho Mhandisi Saleem alikupigia simu akasema kamati imekaa upya, na kwamba yeye mwenyewe atakusimamia kwa leseni yake. Hukuniuliza kwa nini. Ulilivuta boksi chini ya kitanda, ukakata ile gundi kwa kisu cha jikoni. Ulijenga nyingine kwa wiki tisa. Siku hiyo nilisimama nyuma ya kamba pamoja na mama yako na watu wengine wasio na leseni, na sikugusa hata bisibisi. Nilikuona unafunga parachuti, unafungua, unakagua, unafunga tena. Upepo ukazidi ukakataa kurusha. Mtu mmoja akanung'unika kwamba tumetoka mbali. Ukasema, "Tunangoja," ukakaa chini. Mkangoja saa nzima, na Mhandisi mzee wa watu akangoja na wewe. Kisha ikapanda, ikafunguka, na wewe hukukimbia kuifuata kama zamani. Ulikwenda ukitembea.

Siku ile Mhandisi alinishika mkono pembeni. Akasema nimekiambia chama, nimemwambia na bosi, lakini kuna mtu mmoja bado sijamwambia. "Mwambie mwenyewe," akasema. Nikasema naam. Naam ya babu yako ile ile. Mwaka na zaidi umepita.

Nimekuwa nikitafuta udhuru. Nilisema unajua tayari, ya nini kulisema. Na kweli unajua, wewe ndiye uliyekiweka kile kitambaa kwa mikono yako. Lakini kujua peke yako na kuambiwa na baba yako si kitu kimoja, na mimi nilikuachia ujue peke yako kwa muda wote huo. Babu yako alikubali kosa lisilokuwa lake. Mimi nilikataa langu nikakupa wewe, na woga ulikuwa ule ule. Labda ndivyo unavyopita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kila mara unamkuta aliye mdogo zaidi. Sitaki ufike kwako.

Basi: nilifungua roketi yako. Nilitoa kitambaa. Nilikudanganya uliponiuliza, na nilikusingizia mbele ya watu. Hukukosea kitu chochote siku ile. Nisamehe ukiweza, na usipoweza sasa, sitakuhimiza.

Huko uendako wana timu ya roketi, umenionesha barua yao. Sasa una miaka kumi na minane, leseni utachukua kwa jina lako, na siku moja watakuletea mtoto wa mtu asimame chini yako, wewe ushike injini yake. Sina la kukufundisha katika hilo. Ila utakapokuwa unaulizwa wewe, na mtoto yuko pembeni yako, nataka uwe umeshasikia kutoka kwa mtu aliyekuwa pale jinsi ilivyo rahisi. Mimi si mtu mbaya, Salha. Ilinichukua pumzi moja tu.

Nilikusudia kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukishafika. Nilishaitafutia na mahali, chini ya kanga alizokupa mama yako. Lakini ukiikuta huko mimi nitakuwa mbali, na nitakuwa nimekuachia tena ujue peke yako.

Nasikia sauti zenu kwenye ngazi, lifti itakuwa mbovu tena. Shangazi yako anahema, wewe unacheka. Ukiingia nitakuita hapa mezani nikupe mkononi. Keti usome, na mimi nitakuwa nimekaa mbele yako mpaka umalize.

Baba yako,
Hamudi